Kuvuka Chalbi kwa Pikipiki Bila Gari la Msaada

Kati ya mji wa Marsabit na Loiyangalani, iliyo ukingoni mwa Ziwa Turkana, ukizunguka kaskazini kupitia Maikona, Kalacha na North Horr, pana zaidi ya kilomita 250 za njia ambayo, ukishaiacha lami iendayo Moyale, haina vibao, na kwa saa nyingi haina mtu. Njia hiyo inapita katika jangwa la Chalbi, sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare na nyeupe kwa chumvi, ambayo mvua kubwa zikinyesha hujaa maji tena kwa muda. Mwezi wa Agosti mimi na marafiki zangu watatu tuliipita njia hiyo kwa pikipiki nne, bila gari la kutufuata. Hii ina maana kwamba maji, petroli, vipuri, dawa, chakula na malazi yetu yalikuwa juu ya pikipiki zilezile tulizozipanda, na kama mmoja wetu angevunjika mguu, watu wa kumtoa wangekuwa ni sisi.

Tangu turudi nimeulizwa mara nyingi na watu wanaotaka kwenda, na karibu wote huanza na swali la pikipiki gani inafaa. Nitalijibu. Lakini jambo ninalotaka hasa walichukue ni jingine: safari ya namna hii huokolewa na makubaliano ambayo wasafiri wameyafanya kabla ya kuondoka, wakiwa bado wamekaa kivulini na akili zao zimetulia. Jangwani mtu mwenye kiu, aliyechoka na mwenye aibu ya kuonekana dhaifu hawezi kutegemewa kuamua vizuri, hata awe mwerevu kiasi gani, na nililiona hili kwa watu ninaowaheshimu sana.

Kuhusu pikipiki, mmoja wetu alikuwa na kubwa na nzito, nzuri sana barabarani, ambayo alikuwa ameiwekea fedha nyingi kwa ajili ya safari hiihii. Tulimwomba aiache nyumbani aazime ndogo, naye akakubali kwa uchungu. Pikipiki ambayo mtu mmoja hawezi kuiinua peke yake mchangani, ikiwa na mizigo na jua likiwa la utosi, haifai kwa safari isiyo na gari la msaada, maana ataanguka siku ambayo wenzake wako kilomita mbili mbele na hawana habari. Tulichukua zote za cc 250 na zenye matairi ya ukubwa mmoja, ili tyubu ya huyu imfae yule. Kwa kufanana huko hatukulazimika kubeba vipuri seti nne: mmoja alibeba waya za klachi na breki, mwingine sahani za klachi, mwingine plagi na viungio vya mnyororo, na wa nne, ambaye ni fundi kwa kazi yake, akabeba spana na vifaa vya kuziba tyubu. Tyubu za akiba ndizo pekee ambazo kila mtu alibeba zake mwenyewe, ya mbele na ya nyuma, na ninaisifu sana hekima ya fundi wetu aliyeshikilia jambo hilo.

Petroli tulihesabu kwa hali mbaya kuliko tuliyoitarajia. Katika lami pikipiki hizi huenda kilomita 25 au zaidi kwa lita moja, lakini mchangani, ukiwa umekaa kwenye gia ya pili kwa muda mrefu, huenda 16 au 17 tu. Tuligawanya umbali wote kwa kiwango hicho cha chini, tukaongeza theluthi moja kwa ajili ya kupotea na kurudi nyuma, tukapata lita 20 hivi kwa kila mtu. Tangi lilichukua 12, na zilizobaki zikaingia katika jerikeni ya lita kumi, ambayo ikijaa huwa na uzito wa kilo saba na nusu. Petroli hupatikana kwenye vituo vya njiani, mara nyingi katika chupa na mitungi ya plastiki, lakini haipatikani kila siku, bei yake ni ya juu kuliko ya Marsabit, na wakati mwingine ina maji au mafuta ya taa ndani yake. Anayelazimika kuinunua aiache itulie kwanza, aichuje kwa kitambaa kizito, na asimimine ile ya chini kabisa. Jerikeni ifungwe chini na karibu na kiti iwezekanavyo, na tangi likipata nafasi tu, petroli ihamie humo, kwa sababu uzito ulio nyuma ya gurudumu la nyuma ndio unaoifanya pikipiki iyumbe mchangani.

Maji yalituchukulia mjadala mrefu zaidi. Tulikadiria lita nane kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, na tukataka kila mmoja atoke katika kila kituo akiwa na maji ya siku mbili. Hiyo ni kilo 16 kwa mtu, na ndiyo sababu tulipunguza karibu kila kitu kingine: nguo mbili, hema moja kwa watu wawili, hakuna viti, hakuna meza, hakuna kamera kubwa. Tulitegemea visima na chemchemi za njiani kujaza tena, lakini ni lazima msafiri ajue kwamba maji mengi ya ukingo wa Chalbi yana chumvi. Kuyachemsha au kuyatia dawa huua vijidudu, wala hakuondoi chumvi hata kidogo, na vichujio vya kawaida vya kubebea safarini haviiondoi pia. Maji ya namna hiyo tuliyatumia kupikia na kulowesha nguo, na yale matamu ya Marsabit tukayaweka kwa ajili ya kunywa kadiri tulivyoweza.

Makubaliano yenyewe tuliyaandika kwenye karatasi na kila mtu akachukua nakala. Tulikubaliana kwamba kila mpanda pikipiki anamlinda aliye nyuma yake: usipoiona taa yake kwenye kioo, simama, na asipotokea baada ya dakika kumi, rudi ulikotoka. Kwa njia hii, wa mbele kabisa akiendelea bila kuona mtu, hafiki mbali. Tulikubaliana kutosafiri kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri isipokuwa pale ambapo kusimama kungekuwa na hatari zaidi, na kutosafiri usiku kwa hali yoyote. Tulikubaliana kwamba nusu ya maji ikiisha kabla ya nusu ya njia kati ya kituo na kituo, tunarudi kituo tulichotoka. Na mwisho, kwamba mtu yeyote mmoja akisema turudi, tunarudi, bila kumtaka atoe sababu na bila kupiga kura. Kipengele hiki cha mwisho kilipingwa. Mwenzetu mmoja alisema kinampa mwoga nguvu juu ya watu watatu. Tuliposaini alikuwa bado hajaridhika, na nitaeleza baadaye ni nani aliyekuja kukitumia.

Kabla ya kushuka kutoka Marsabit tulifika kituo cha polisi tukaeleza njia yetu na siku tunayotarajia kufika Loiyangalani, na tukauliza hali ya usalama. Ushauri wangu ni kwamba jambo hili lirudiwe kila kituo, kwa polisi au kwa chifu, kwa kuwa hali ya usalama katika eneo hilo hubadilika, na habari ya juma lililopita inaweza kuwa imepitwa. Tulikuwa pia na kifaa kimoja cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, ambacho kilikuwa ndicho kitu ghali kuliko vyote tulivyonunua, pamoja na uanachama wa huduma ya kuokolewa kwa ndege unaotolewa na Amref Flying Doctors. Kalacha, North Horr na Loiyangalani vina viwanja vidogo vya ndege, na ni vizuri kuvitia alama kwenye ramani ya simu pamoja na visima. Mtandao wa simu upo karibu na vituo hivyo, lakini ukishatoka huwezi kuutegemea.

Lami iliisha mapema. Tulipoiacha na kuelekea Maikona, tulikutana na mawe meusi ya volkano na makunyanzi ya barabara, yale mawimbi madogo magumu yanayotengenezwa na malori, ambayo hayamwangushi mtu lakini hulegeza kila kilichofungwa. Kila tuliposimama, fundi wetu alizunguka pikipiki zote na spana mkononi, na hakukosa kamwe nati ya kukaza. Kwenye pikipiki moja, chuma cha kubebea mizigo kilipasuka katika maungio, nasi tukakifunga kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu na waya laini, kikadumu hadi mwisho. Waya huo, mipira hiyo na vibano vichache vya plastiki vilitusaidia kuliko vifaa kadhaa vya bei kubwa. Mizigo laini ya turubai ilistahimili mtikisiko vizuri zaidi kuliko sanduku gumu alilokuja nalo mmoja wetu, na tena haikumuumiza mguu mtu alipoanguka.

Tulilala Kalacha, penye chemchemi na mikoma, mahali ambapo Wagabra huleta ngamia wao kunywa. Hapo tulijifunza adabu ya kisima, ambayo ningependa kila msafiri aijue kabla ya kufika. Mifugo hutangulia, na zamu zina wenyewe. Mgeni husimama kando, husalimia, husubiri aulizwe shida yake, na hapigi picha ya mtu wala ya ngamia kabla ya kuruhusiwa. Tulisubiri zaidi ya saa moja, na subira hiyo ikatuletea mzee mmoja aliyekuja kukaa nasi akatueleza njia. Ni kwake nilipogundua namna sahihi ya kuuliza. Ukiuliza, "Mzee, hii ndiyo njia ya North Horr?" utaambiwa ndiyo, kwa upole tu, kwa kuwa njia zote zinaweza kufika huko. Ukiuliza, "Mzee, malori yanapita wapi siku hizi?" utapewa habari yenyewe. Alituonyesha kwa fimbo kwamba tukae kwenye alama za malori zilizo upande wa kaskazini, na kwamba tusidanganywe na sakafu nyeupe iliyo wazi, hata ikionekana ngumu kama saruji.

Tuliondoka alfajiri, mchanga ukiwa bado umeshikana kwa ubaridi wa usiku. Naomba niseme wazi kwamba saa ile ya kwanza juu ya Chalbi ilikuwa ya furaha ambayo sijawahi kuipata mahali pengine. Ardhi ni sawa hadi upeo wa macho, huna haja ya kufuata mstari mmoja, na tulitawanyika pembeni pembeni ili hakuna aliyekula vumbi la mwenzake. Lakini kutawanyika huko ndiko kulikovunja ulinzi wetu, kwa maana aliye kando yako hayumo kwenye kioo chako. Jua lilipopanda, mazigazi yalianza. Ukingo wa jangwa ulionekana kama ufuo wenye miti na maji, na mwenzetu wa kushoto kabisa akawa anausogelea kidogo kidogo bila kujua. Tulipogundua kwamba hayupo, tulimwona mbali kama doa jeusi linaloelea, na doa hilo lilikuwa limesimama.

Hata katika miezi ya kiangazi, kuna sehemu za Chalbi, hasa karibu na chemchemi, ambako chini ya gamba kavu la chumvi pana tope. Gamba humbeba mtu, pengine humbeba na ngamia, lakini gurudumu jembamba lenye uzito wote ule hulipasua. Pikipiki yake ilizama hadi kwenye ekseli, naye, kwa kuogopa kutuchelewesha, alikuwa amekwisha kujaribu kuitoa kwa nguvu ya injini, na kwa hiyo akaizamisha zaidi na kuichosha klachi. Namna ya kuitoa ni hii: zima injini mara tu gurudumu linapozunguka bila kusonga, toa mizigo yote, ilaze pikipiki kwa ubavu ili magurudumu yatoke kwenye shimo, jaza shimo kwa chochote kilicho kikavu, kisha iburuteni ikiwa imelala mkiizungusha kuelekea ulikotoka, kamwe si mbele. Petroli itamwagika kidogo na inakera, lakini inawezekana. Tuliacha pikipiki zetu kwenye ardhi ngumu tukaenda kwa miguu, na kazi hiyo ikatuchukua muda uliozidi saa mbili, jua likiwa sasa juu kabisa na hakuna kivuli cha aina yoyote.

Tulipomaliza, mwenzetu aliyezama hakuwa na shida. Aliyekuwa na shida ni yule mwenye nguvu kuliko sote, aliyevuta zaidi na kunywa kidogo ili atubakizie, yuleyule aliyekipinga kipengele cha mwisho cha makubaliano. Alikuwa ameanza kujibu maswali kwa kuchelewa, alisikia kichefuchefu, na mikono ilimtetemeka. Tulitandaza hema kama turubai kati ya pikipiki mbili kupata kivuli, tukamvua koti na buti, tukamlowesha shati kwa maji ya chumvi tuliyoyachukua Kalacha, tukampepea, na tukampa maji ya kurudisha nguvu mwilini kwa funda ndogo ndogo. Anayekosa pakiti za dukani anaweza kuyatengeneza kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kama angekuwa ameacha kutoka jasho, au ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, tungebonyeza kitufe cha dharura cha setilaiti palepale, kwa sababu hiyo si hali ya kusubiriwa ipite.

Alipopata nafuu, tulipima maji na tukakuta kwamba tumetumia zaidi ya nusu, nasi tulikuwa hatujafika nusu ya njia ya kwenda North Horr. Karatasi ilisema turudi. Lakini hapo ndipo nilipoona jinsi watu wazima wanavyoweza kuibishia karatasi yao wenyewe. Mmoja alisema sehemu iliyobaki ina ardhi imara isiyozamisha gurudumu na tutaipita haraka, mwingine akasema kurudi ni kupoteza siku nzima na petroli ambayo tumeibeba kwa taabu, na mimi niliyesikiliza nilitamani sana wawe wanasema kweli. Sauti zilipanda. Kisha yule aliyelala kivulini akasema neno moja tu, "Turudi," na mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana kwamba mmoja akisema hivyo, tunarudi. Baadaye aliniambia kwamba kama angetakiwa kujitetea mbele yetu, asingelisema, angepanda pikipiki yake na kuendelea. Sijui kama angefika.

Tulisubiri jua lilegee tukarudi Kalacha kwa mwendo wa polepole, tukapumzika siku iliyofuata yote. Ilitugharimu petroli, ambayo tuliinunua hapo kwa bei kubwa, na ilitugharimu siku ambayo mmoja wetu alihitajika kazini. Gharama hizo zilipokelewa kwa manung'uniko, na sitaki kuficha kwamba jioni ile hatukuzungumza sana. Anayepanga safari ya namna hii aweke siku za ziada katika likizo yake, na aweke fedha taslimu za ziada, kwa sababu mtu aliyebanwa na ratiba huvunja makubaliano hata bila kukusudia. Tulipovuka kwa mara ya pili tulikaa kwenye alama za malori kama mzee alivyotuelekeza, tukafuatana kwa mstari mmoja, kila mtu akiwa mbali vya kutosha kukwepa vumbi lakini taa yake ikionekana. Tulifika North Horr kabla ya saa tano.

Kutoka North Horr kwenda Loiyangalani mateso ni ya namna nyingine, na hapa ndipo ufundi wa kuendesha na kutunza matairi unapohitajika zaidi. Mchanga na mawe hupokezana. Kuna laga, ile mito mikavu yenye mchanga wa kina, kisha kilomita kadhaa za mawe ya volkano yenye makali, kisha laga tena. Mchangani unahitaji kupunguza upepo wa tairi hadi psi 18 hivi ili tairi litandae na lishike. Kwenye mawe upepo huohuo mdogo huifanya tyubu ibanwe kati ya jiwe na rimu ikapasuka kwa matundu mawili yanayofanana, na ili kuiepusha unahitaji psi 26 au 28. Kubadilisha upepo kila mara kunachosha. Pampu yetu ndogo ya kuunganishwa na betri ilichukua dakika kadhaa kwa kila tairi, na kwa pikipiki nne hiyo ni nusu saa nzuri. Kwa sababu hiyo, tulipofika mawe kabla ya kijiji cha Gas tulishawishika kupita hivyohivyo kwa kuwa laga nyingine ilikuwa ikionekana mbele. Tukapasua tyubu tatu katika sehemu moja fupi. Tulizibadilisha kwa zile za akiba, na kuanzia hapo hakuna aliyelalamika tena kuhusu muda wa pampu. Kama hakuna muda wa kubadilisha, chagua psi 22 na upunguze mwendo kwenye mawe, maana kasi ndiyo inayopasua zaidi.

Kuhusu kuendesha mchangani, maneno hayatoshi na ni lazima mtu ajizoeze mahali salama kabla ya safari, akiwa amebeba mizigo yote. Hata hivyo, yako mambo matatu au manne ambayo yalitusaidia. Simama kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea na uzito ukielekea nyuma kidogo. Shika usukani kama unavyomshika kifaranga, kwa kuwa gurudumu la mbele litatafuta njia yake lenyewe ukiliacha. Tazama mbali, kule unakotaka kwenda, usitazame jiwe unalolikwepa. Na unapoogopa, usifunge mafuta wala usiguse breki ya mbele, bali ongeza mafuta kidogo kwa utulivu, ijapokuwa moyo unakataa. Tulianguka sote, zaidi ya mara moja, na buti ndefu ngumu ziliokoa vifundo vya miguu yetu. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu cha kuvaa zaidi ya kofia ya chuma, nunua buti.

Upepo wa upande wa Mlima Kulal haukutushangaza kwa kuwa tulikuwa tumeusikia sana, lakini nguvu yake ilizidi tuliyoyasikia. Ni upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyojengwa kusini kidogo ya hapo, na huvuma zaidi usiku hadi asubuhi. Ukiiegesha pikipiki, ielekeze namna ambayo upepo utaisukuma kuegemea mguu wake wa kusimamia, la sivyo utaiokota. Hema tulilifunga kwa mawe makubwa, na wawili wetu walilala nje nyuma ya ukuta kwa sababu nguzo za hema lao zilivunjika. Kula na kupika katika upepo huo kunataka kuchimbia jiko chini, na hapo sina zaidi la kusema.

Loiyangalani pana chemchemi za maji matamu yanayotoka upande wa Kulal, na maji ya ziwa lenyewe yana magadi, hayafai kutegemewa kwa kunywa. Tuliripoti polisi kwamba tumefika, tukamjulisha pia mtu wetu wa nyumbani aliyekuwa na maagizo ya nini cha kufanya kama tungechelewa. Mtu huyo ni muhimu kama mpanda pikipiki wa tano. Awe na orodha ya vituo, namba za pikipiki, aina za damu na dawa za kila mmoja, na siku kamili ambayo akipita bila habari ataanza kupiga simu. Siku tuliyorudi Kalacha, kama tusingemtumia ujumbe kwa setilaiti, angekwisha kuwaamsha watu waje kututafuta.

Tulitoka kwa njia ya kusini, kupitia South Horr na Baragoi hadi Maralal, njia ngumu pia lakini yenye miti, watu na magari. Klachi iliyochoshwa siku ile ya tope ilianza kuteleza kwenye miinuko, fundi wetu akaibadilisha sahani chini ya mgunga kwa vipuri tulivyokuwa tumebeba, na tukaendelea.

Wanaorejea kutoka Chalbi wasiifunike pikipiki na kwenda kulala. Chumvi ile huingia kila mahali pamoja na vumbi, na ikipata unyevu wa nyanda za juu huanza kula chuma. Tuliziosha kwa maji mengi yasiyo na presha kubwa, tukafungua magurudumu na kukagua bearing, tukasafisha chujio la hewa ambalo pamoja na kusafishwa kila jioni lilikuwa limejaa tena, tukabadilisha oili na mnyororo. Viungio vya umeme tulivyovipaka grisi kabla ya safari vilitoka vizima. Vile ambavyo hatukuvifikia vilishika kutu ya kijani, na taa ya nyuma ya pikipiki moja, ileile ambayo mtu wa nyuma alitakiwa kuifuata, ilizimika kwa sababu hiyo, kwa bahati njema tukiwa tumekwisha kufika nyumbani.